Kutoka Kikuyu Hadi Berlin: Kijana wa Kompyuta na Saa ya Kibali

Msomaji asiyeijua Dodoma, akisikia jina la Kikuyu, aghalabu fikira zake huvuka mpaka zikatua Nyeri au Murang'a. Lakini Kikuyu ninayoikusudia hapa ni kata mbili za Jiji la Dodoma, Kaskazini na Kusini, katika nchi ya Wagogo, mahali ambapo majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo yaligeuka mwaka 2007 kuwa Chuo Kikuu cha St. John's cha Kanisa la Anglikana, na ambapo nyumba za jirani zimezoea kupangisha vyumba kwa wanafunzi na kuwakaangia chipsi mayai hadi usiku. Mwaka huohuo serikali ilianzisha Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho wenyewe hukiita UDOM, chenye ndaki yake ya informatiki. Na tangu hapo uwanda huu mkavu, ambao mvua yake huanza Desemba ikakoma Aprili, na ambao kwa vizazi vingi ulisifika kwa ng'ombe, mtama na ustahimilivu wa watu wake, umekuwa ukitoa kila mwaka vijana ambao riziki yao imo katika kuiandikia kompyuta maagizo, kazi ambayo babu zao hawakuiota wala hawakuwa na sababu ya kuiota.

Baadhi ya vijana hao hubaki nchini, wakaajiriwa katika ofisi za Mji wa Serikali kule Mtumba, au katika mabenki na makampuni ya simu ya Dar es Salaam. Wengine huondoka. Makala haya ni ya hao wa pili, nami nimeichagua Ujerumani kuwa mfano, kwa sababu katika miaka ya karibuni nchi hiyo imewafungulia mlango watu wa fani hii kwa sheria zinazosomeka na kueleweka, na kwa sababu, kama tutakavyoona, Berlin si mji mgeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Jambo nitakaloling'ang'ania ni moja tu. Watu wa nyumbani huyapima maisha ya kijana wao wa ughaibuni kwa mshahara. Lakini wenye kuyaishi maisha hayo wanajua kwamba kipimo chake ni muda, yaani siku alizoandikiwa katika kibali cha ukaazi, na kwamba ustadi wake, safari zake na hata michezo yake hupangwa na saa ambayo si yeye aitiaye ufunguo.

Si zamani sana kompyuta yenyewe ilikuwa marufuku kuingia nchini. Ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikazuia kuagizwa kwa mashine hizo, na ilichukua miaka mingi kabla mlango huo haujafunguliwa tena wazi. Mwaka 2009 waya wa SEACOM, uliopitishwa chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukaanza kutandazwa kuelekea bara. Hivyo kijana aliyezaliwa Dodoma karibu na mwaka 2000 alikua pamoja na intaneti ya kasi, akaweza kujifunza kwa video za bure mambo ambayo mwalimu wake hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote. Hilo ndilo lililomfanya awe mshindani wa kijana wa Bangalore au wa Warsaw. Lakini elimu huvuka mipaka bila pasipoti, na mwenye elimu hana ruhusa hiyo.

Kabla ya kumfuata kijana wetu, inafaa kuwakumbuka waliomtangulia. Mwaka 1887 ilianzishwa Berlin shule ya lugha za mashariki, na miongoni mwa walioitwa kwenda kufundisha Kiswahili huko alikuwamo Amur bin Nasur wa Unguja, aliyekaa mjini humo tangu 1891 hadi 1895, na ambaye habari zake zilichapishwa mwaka 1894 katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili uliotengenezwa na Mjerumani Büttner. Baada yake, mwaka 1900, alikwenda Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye kazi yake juu ya desturi za Waswahili ilichapishwa mwaka 1903 na hadi leo hakuna mchunguzi wa pwani awezaye kuipita bila kuisoma. Huyu Mtoro alikuwa msomi kamili, naye alipata yale yampatayo mtaalamu mgeni ambaye elimu yake inahitajiwa kuliko nafsi yake: wanafunzi waliokataa kumheshimu, ajira iliyovunjika, na kisha, alipotaka kurejea nyumbani pamoja na mkewe Mjerumani, wakuu wa koloni wakamkatalia asishuke naye pwani, ikambidi arudi Ulaya. Alifundisha Hamburg kwa muda, akazunguka akitoa mihadhara, akafa Berlin mwaka 1927. Sisemi kwamba mambo ya leo ni yaleyale, maana hayafanani kwa mengi. Ila kwamba mtu mwenye maarifa anaweza kusimama kati ya nchi mbili huku ruhusa ya kukaa na ruhusa ya kurudi zikiwa mikononi mwa karani, hilo si jambo jipya lililoletwa na kompyuta.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Kijana wa Kikuyu mwenye shahada ya kompyuta ana milango mitatu mikubwa ya kuingilia Ujerumani. Wa kwanza ni wa masomo: vyuo vingi vya umma havitozi ada, lakini mwanafunzi hutakiwa aoneshe kwamba anazo fedha za kumlisha kwa mwaka mzima, ambazo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, zikiwekwa katika akaunti iliyofungwa ambayo humtolea kidogo kidogo kila mwezi. Kiasi hicho kinapita shilingi milioni 30, na ni watu wachache mno katika mtaa wowote wa Dodoma wawezao kukitoa bila kuuza kiwanja au kuwakusanya wajomba na mashangazi. Wa pili ni kadi ya fursa, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024, ambayo humruhusu mtu kwenda kutafuta kazi kwa mwaka mmoja huku akifanya vibarua visivyozidi saa 20 kwa wiki. Hupatikana kwa kukusanya alama sita, zitokanazo na elimu, uzoefu, lugha, na umri, ambapo mwenye chini ya miaka 35 hupewa alama mbili kwa ujana wake tu. Wa tatu ni kadi ya buluu ya Umoja wa Ulaya, ipewayo aliyekwisha pata mkataba wa kazi wenye mshahara uliofika kiwango. Kwa watu wa kompyuta kiwango hicho mwaka 2025 kilikuwa karibu euro 43,760 kwa mwaka kabla ya kodi. Tangu Novemba 2023 sheria imelegezwa hata kwa wasio na shahada, maadamu wana uzoefu wa miaka mitatu katika saba iliyopita. Waandishi wa programu ni miongoni mwa watu wachache duniani ambao serikali moja kubwa imekubali kuwapima kwa kazi ya mikono yao badala ya karatasi zao, na hiyo ni heshima ambayo waganga na waalimu wetu hawajaipata.

Milango mingine ya dunia imekuwa ikifungika. Marekani hutoa viza 85,000 tu kwa mwaka za wataalamu wa namna hii katika mgawo wake mkuu, nazo hutolewa kwa bahati nasibu. Na Septemba 2025 Rais Donald Trump alitangaza ada ya dola 100,000 juu ya maombi mapya. Japani kwa upande wake ilitangaza mwaka 2013 mpango wa ABE, unaowachukua vijana wa Kiafrika kusoma shahada ya uzamili na kufanya mafunzo ya kazi katika makampuni ya huko, na wako Watanzania waliopita njia hiyo. Lakini hiyo ni njia ya wateule.

Basi kijana amefika. Jambo la kwanza aliloamriwa ni kuandikisha makazi yake katika muda wa wiki mbili. Na hapo ndipo hugundua kwamba Berlin vyumba ni adimu kuliko kazi, na kwamba bila anwani hapati namba ya kodi, na bila kipato cha kuonesha hapati mwenye nyumba wa kumsikiliza. Aghalabu hulala kwa muda kwa rafiki wa rafiki, Mtanzania au Mkenya, ambaye naye alilazwa hivyo hivyo. Jua la Desemba hutua karibu na saa kumi za jioni, naye aliyezoea jua la Dodoma, ambalo mwaka mzima halitoki mbali na saa kumi na mbili, hurudi nyumbani gizani na kuamka gizani, akadhani anaumwa. Pengine anaumwa kweli. Wenyeji wenyewe huingiwa na huzuni katika majira hayo, wakanywa vidonge vya vitamini D.

Kutafuta kazi kuna adabu zake, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo vijana wetu wengi hukwama bila kuambiwa sababu. Wasifu hutakiwa uwe mfupi, kurasa mbili, nao utaje matendo badala ya sifa: nini kilijengwa, kilitumiwa na watu wangapi, kilipunguza muda au gharama kwa kiasi gani. Mwajiri hupenda pia kuona msimbo wenyewe, ndiyo maana kijana mwenye busara huweka kazi zake hadharani katika ghala la GitHub, ambapo kila mtu aweza kuzisoma. Kisha hufuata usaili, ambao hauji mara moja. Kwanza mtu wa idara ya watumishi hupiga simu ya video kuuliza mambo ya kawaida. Halafu hutumwa kazi ya kufanyia nyumbani. Halafu wahandisi wawili hukaa mbele yake, wakamwekea tatizo, tuseme kutafuta njia fupi kati ya miji mingi, wakamtaka alitatue huku wakitazama. Na mwisho huitwa kuonana na watu wa kundi lenyewe, wapime kama wataweza kukaa naye.

Katika hatua hiyo ya wahandisi wawili ndipo malezi yetu mema hutugeukia. Wanachotaka si jibu peke yake, bali kumsikia kijana akifikiri kwa sauti: anadhani nini, anaikataa njia hii kwa nini, wapi hana hakika. Lakini mtoto aliyelelewa katika nyumba ya heshima, akafundishwa kwamba mbele ya wakubwa mtu hunyamaza hadi awe na neno la maana, hunyamaza kweli. Hutafakari kimya dakika nzima, akatoa jibu sahihi, na wasaili wakaandika kwamba hawasiliani vyema. Hali kadhalika akiulizwa habari za kazi yake ya zamani husema tulijenga, tulirekebisha, tulifanikiwa, kwa sababu kusema nilifanya peke yangu ni majivuno. Nao humuuliza, wewe mwenyewe ulifanya nini? Kijana huona kama anashawishiwa kuwanyang'anya wenzake sifa. Rai yangu ni kwamba adabu hiyo asiitupe, maana itamfaa sana atakapokwisha kuajiriwa na kufanya kazi katika kundi; ila ajifunze, kabla ya kuondoka Dodoma, kuketi na mwenzake na kulieleza tatizo kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama majirani watadhani amerukwa na akili.

Lugha nayo ina mambo yake. Katika makampuni mengi machanga ya Berlin mazungumzo ya kazi huwa ya Kiingereza, na kijana hudanganyika akadhani Kijerumani ni pambo. Halafu hufika ofisi ya wageni kuongeza muda wa kibali, akakuta karani asemaye Kijerumani peke yake, au hupata nafasi nzuri katika mji mdogo wa viwanda, ambako programu huandikiwa mashine za kukata chuma, na mtaa mzima hauna msemaji wa Kiingereza. Fauka ya hayo, mwenye kadi ya buluu akifika kiwango cha kati cha Kijerumani, kiitwacho B1, aweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21. Akibaki na cha chini kabisa husubiri miezi 27. Miezi sita ya uhuru kwa ajili ya lugha! Sijui biashara nyingine yenye faida ya namna hiyo.

Ama kuhusu saa ile niliyoitaja, ndiyo hii. Mwanafunzi aliyehitimu Ujerumani hupewa miezi 18 ya kutafuta kazi. Mwenye kadi ya fursa, mwaka mmoja. Aliyeajiriwa hukaa miezi sita ya majaribio, ambamo kila upande waweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya wiki mbili. Novemba 2022 Meta ilitangaza kuwaondoa watu 11,000, na Januari 2023 Google ikatangaza 12,000. Mawimbi hayo yalifika hadi makampuni madogo, na wakati huohuo zikatokea programu za akili mnemba, kuanzia ChatGPT ya tarehe 30 Novemba 2022, ziwezazo kuandika msimbo mwepesi ambao zamani alipewa mtu anayeanza kazi. Mjerumani aliyeachishwa huingia katika bima ya wasio na kazi, akapumzika, akachagua. Kijana wetu naye pengine amekwisha changia bima hiyo, lakini kibali chake kimefungamana na ajira. Ofisi ya wageni sharti ijulishwe, na siku zake huanza kuhesabiwa. Watu wawili wenye ustadi sawa, walioachishwa siku moja na meneja mmoja, hawatafuti kazi kwa namna moja: mmoja hutafuta kazi aipendayo, mwingine hutafuta kazi itakayokuja kabla ya tarehe fulani, na mwajiri mjanja hulitambua hilo katika mshahara anaomwandikia.

Na wakati huo huo simu ya nyumbani inalia. Kwa watu wa kijiweni, aliyeko majuu ama ana fedha ama anabeba maboksi, hakuna hali ya tatu. Wala si rahisi kumweleza mama kwamba katika mshahara uliotajwa katika mkataba zaidi ya theluthi hukatwa kwa kodi na bima kabla haujafika benki, kwamba kodi ya nyumba huchukua fungu jingine kubwa, na kwamba deni la Bodi ya Mikopo, lile bumu lililoliwa kwa furaha UDOM, linangoja marejesho yake. Wengi huona aibu kusema kwamba wameachishwa. Hutuma kile walichoweka akiba, wakajifanya mambo ni shwari, wakaongeza ukimya juu ya baridi.

Katika hali hiyo, mtu wa nje akimwona kijana huyo Jumamosi yuko ndani ya treni akielekea mji asio na shughuli nao, atamwita mpotevu wa fedha. Hasha. Tangu Mei 2023 Wajerumani wana tiketi moja ya mwezi, iliyoanza kwa euro 49 na kupanda hadi 58 mwaka 2025, ambayo humpandisha mtu treni zote za mikoa, mabasi na treni za mijini nchi nzima, isipokuwa zile za kasi. Aliye na tiketi hiyo kwa ajili ya kwenda kazini amekwisha lipia safari zake zote. Kilichobaki ni mkate, chupa ya maji, na subira ya kubadili treni mara nyingi. Naye mwenye kibali cha ukaazi aweza kuzitembelea nchi nyingine za Schengen kwa siku 90 katika kila siku 180 bila viza, jambo ambalo mwenye pasipoti ya Tanzania, aliyezoea kupeleka taarifa za benki ubalozini kwa ajili ya wiki moja ya kutembea, huliona kama muujiza.

Nami ningemshauri aanze karibu. Berlin kwenyewe, katika eneo la Wedding, kuna mitaa iliyopewa tangu zamani za ukoloni majina ya Afrika: yuko mtu leo aishiye mtaa wa Zanzibar na akanunua mkate mtaa wa Tanga, naye asijue miji hiyo iko upande gani wa dunia. Katikati yake ilikuwako barabara iliyobeba jina la Peters, ambalo kwa Mtanzania ni jina la Karl Peters, yule mkoloni ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Tarehe 23 Agosti 2024 barabara hiyo ilivuliwa jina hilo, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907. Katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya mji huohuo umesimama mjusi mkubwa wa kale, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na kubebwa vichwani na mabegani na watu wetu hadi bandarini, chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani. Watoto wa Kijerumani huinua shingo kumtazama. Mtanzania huinua shingo, halafu akasoma kibao kwa makini kuliko wote.

Akiwa na muda zaidi, aende Papenburg, mji mdogo wa kaskazini magharibi wenye karakana ya meli ya Meyer. Huko ndiko ilikoundwa mwaka 1913 meli iliyoitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli ya kati na kupita Dodoma kuelekea Kigoma, ikaelea Ziwa Tanganyika Februari 1915. Ndiyo Liemba ya leo. Kijana aliyekulia karibu na reli hiyo, ambayo sasa ina mwenziwe wa umeme aliyefika Dodoma Julai 2024, atasimama Papenburg akijua kitu ambacho wenyeji wengi wa hapo hawakijui, na kwa saa chache hatakuwa mwombaji wa kazi wala mwenye kibali kinachokaribia kwisha. Atakuwa mtu mwenye habari ya kueleza. Faida ya safari kwake ni hiyo hasa.

Michezo nayo ni vivyo hivyo. Mpira haukosekani, kwani penye Watanzania watano pana Simba na Yanga, na saa ya Berlin iko nyuma ya Dodoma kwa saa moja majira ya joto na mbili wakati wa baridi, kwa hiyo mechi ya jioni nyumbani huangukia mchana wa kazi, ikatazamwa kwa siri katika pembe ya kioo cha kompyuta. Wako wapikao mlenda uliokaushwa, uliosafiri katika sanduku baina ya nguo, wakaula kwa ugali wa unga wa duka la Mturuki. Wako wapigao ilimba. Ala hiyo ya Wagogo ilitangulia kufika Ulaya mikononi mwa marehemu Hukwe Zawose, mtu wa Doduma, mwalimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliyefariki Desemba 2003 baada ya kurekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza na kuzunguka majukwaa ya dunia. Na kijana wa Kikuyu aibebaye leo hupata kwa ala hiyo marafiki ambao miaka mitatu ya kukaa ofisini haingempatia.

Lakini mchezo wa pekee wa watu hawa ni kuandika programu baada ya kazi ya kuandika programu. Msomaji atacheka, mwashi gani hujenga ukuta Jumapili kwa kujifurahisha? Hata hivyo Linux, ambayo leo huendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti na imo ndani ya simu zote za Android, ilitangazwa Agosti 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, kama mchezo wake wa kando. Kwetu, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, iliyojengwa juu ya kazi ya watu wengi waliojitolea. Na mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa Mkenya David Kobia. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ulipogeuka kuwa umwagaji damu, yeye alikuwa mwandishi wa programu mjini Birmingham, Alabama. Mwanasheria Ory Okolloh alipoomba apatikane mtu wa kutengeneza ramani ya kuonesha mahali penye ghasia, Kobia, pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine, aliandika katika siku chache za Januari 2008 tovuti ya Ushahidi, iliyopokea taarifa za raia kwa ujumbe wa simu na kuziweka katika ramani. Ilikuwa kazi ya kujitolea, ya usiku, isiyo na mwajiri. Miaka miwili baadaye chombo hicho kilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na mwaka huohuo jarida la MIT likamtaja Kobia kuwa mfadhili wa wanadamu wa mwaka miongoni mwa vijana wake wavumbuzi. Mtu huyu alikuwa mbali na nyumbani, na umbali wenyewe ndio uliompa umeme usiokatika na usiku usio na hofu wa kuifanya kazi ambayo aliyekuwa Eldoret wakati ule asingeweza kuifanya.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kila kijana aondokaye ni hasara kwa taifa, wala na wanaosema kila aliyebaki amechelewa. Upo hata uwezekano wa tatu, wa kuandikia kampuni ya Ulaya ukiwa Kikuyu, ukilipwa kwa benki ya Dodoma na kula zabibu za msimu wake. Njia hiyo haina kibali wala baridi, ingawa nayo hukosa mafunzo yale yapatikanayo kwa kuketi meza moja na aliyekuzidi. Anayekwenda ajue pia kwamba Ujerumani imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu Juni 2024, lakini sheria ya Tanzania haiwaruhusu watu wazima, hivyo atakayeapa huko atakuwa ameukana uraia wa hapa, na uamuzi huo haupaswi kufanywa kwa haraka ya kuikimbia foleni ya viza.

Waliobaki nyumbani wana sehemu yao katika jambo hili, nayo haihitaji fedha nyingi. Wazazi wa Kikuyu, kijana wenu akianza kuzungumzia safari, hakikisheni mapema kwamba cheti chake cha kuzaliwa kimehakikiwa na wakala wa usajili, RITA, na kwamba herufi za jina lake ni zilezile katika cheti cha shule, cha chuo na katika pasipoti, kwa maana herufi moja iliyogeuka imewachelewesha wengi; mwanzisheni Kijerumani angali hapa, maana Goethe-Institut iko Dar es Salaam na safari ya treni ni ya saa chache tu; na atakapokuwa ughaibuni, mnapompigia simu Jumapili, mwulizeni kwanza kibali chake kinakwisha lini, ndipo mumwulize atatuma nini.